Heri ya Siku Ile Unayoijua

Mwenye nyumba wangu wa Majengo aligombana na kila mtu, na kila aliyegombana naye, yeye alimtumia salamu za sikukuu. Kwake mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Desemba ikiisha na hujapata kadi yake, ujue amekwisha kukusahau, na hilo lilikuwa baya kuliko ugomvi wowote.

Nilipanga kwake chumba cha tatu kutoka mlangoni, miaka ile maduka ya Moshi yalipoanza kujaa vitu tena: sabuni za kuchagua, mitumba ya soko la Kiborloni, na kadi za sikukuu zinazong'aa, zenye theluji na mzee wa ndevu nyeupe. Mimi nilikuwa karani katika duka la mbolea na dawa za kahawa, binti wa Kilutheri kutoka Machame, na mama yangu ni mzee wa kanisa mwenye msimamo mkali kuliko mchungaji wake. Wapangaji wote tulimwita Mwenye Nyumba. Mbele yake tukasema Mama. Alizaliwa wapi, sijui. Aliwahi kunipa majibu matatu tofauti katika wiki moja, yote kwa uso mkavu. Nilichojua ni kwamba alikuwa mjane, Mwislamu wa sala tano, na nyumba ya vyumba sita ilikuwa yake.

Kurani aliisoma bila kukwama. Maandishi yetu ya shule hakuyapenda.

"Herufi zenu zimesimama simama tu," aliniambia, "kama watu wanaongoja gari lisilokuja."

Ndivyo nilivyopata kazi ya pili. Desemba ikianza, alitandika mkeka uani, akaniita kwa jina alilonipa mwenyewe siku ya kwanza.

"Karani. Njoo na kalamu yenye wino. Siyo ile ya jana."

Kila salamu yake ilikuwa na vitu vitatu: heri, habari moja, na kijembe. Kwa Bwana Afya, mkaguzi wa usafi aliyetishia kumfungia choo, alinitajia niandike, bila kupumua: "Heri ya Krismasi, wewe na mama watoto. Kile choo ulichosema nikifunge nimekipaka chokaa. Karibu ukitumie." Kwa mpangaji mmoja wa zamani, aliyehamia Uru na kuondoka na chombo chake: "Heri ya Krismasi. Nimesikia mmepata mtoto, hongereni. Lile beseni langu la bluu ndilo mnalomwogeshea?"

"Mama, hii siyo salamu," nilimwambia. "Haya ni mashtaka."

"Heri nimeitanguliza, sikuitanguliza?"

"Umeitanguliza."

"Basi andika."

Bwana Afya alikuja kweli. Siku ya pili ya Krismasi alibisha hodi na watoto wake wawili, wakala maandazi, na kabla ya kuaga akaenda uani. Aliporudi alikiri mbele yetu sote kuwa choo ni safi. Jioni ile nilimsikia Mwenye Nyumba akiimba.

Kadi za watu wa mlimani zilikwenda kwa sanduku la posta la parokia, na baada ya misa ya Jumapili mtu alisimama mlangoni pa kanisa akisoma majina ya wenye barua. Mwenye Nyumba aliposikia kwamba barua zake husomwa hivyo, kuwa hii imetoka kwa Mama wa Majengo, alifurahi kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakuingia kanisani. Kwenye harusi za wapangaji wake alisimama nje ya geti, juani, kanga kichwani, mpaka bibi harusi atoke, kisha akamwambia kama gauni limempendeza au halikumpendeza. "Mimi sijawahi kuingia," alisema, "lakini jina langu linaingia kila mwaka."

Alikuwa mkali wa dini yake, na ya kwetu pia aliisimamia kama yake. Mpangaji wa chumba cha tano alileta kitimoto, nyama ya nguruwe, ndani ya gazeti. Mwenye Nyumba alimwamuru akakile nje ya geti, kisha akampelekea maji ya kunawa na sabuni mpya, akasimama akihesabu mara anazonawa. Mara nne aliona hazitoshi. Lakini Jumatano ya Majivu alimvizia mpangaji wa chumba cha kwanza, Mkatoliki, akamtazama paji la uso.

"Majivu yako yako wapi?"

"Nimechelewa kazini, Mama. Sikupita kanisani."

"Jikoni kwangu yapo tele. Inama."

Mimi Jumapili nilibishiwa mlango kwa mwiko. "Karani, wenzako wameshaanza kuimba. Wewe unangoja kwaya ije chumbani?"

Nasi tulidaiwa salamu zetu. Siku ya Idi alikaa barazani tangu anatoka kuswali, na yeyote asiyefika kumpa mkono wa Idi alipelekewa sahani ya pilau nyumbani kwake. Pilau hiyo ilikuwa na pilipili ambayo pilau yetu sisi tuliofika haikuwa nayo. Mtu alikula huku machozi yakimtoka, na mwaka uliofuata alifika mapema.

Kati ya wote aliowaandikia, mmoja alikuwa juu ya wengine: Mama wa Uru, mkulima wa kahawa na ndizi, Mkatoliki. Walijuana sokoni kwa kugombania mkungu mmoja wa ndizi, huyu akisema umekomaa, yule akisema haujakomaa, na ugomvi huo haukwisha hata baada ya mkungu kuliwa. Mama wa Uru alikuwa na sufuria ya peke yake iliyoning'inia kwenye msumari wake, isiyopikiwa kitu ila chakula cha rafiki yake. Krismasi alimwita Mwislamu kuchinja mbuzi ili rafiki yake aweze kula. Idi ikifika aliteremka na mkungu na kibuyu cha maziwa mgando. Walishindana nani atatangulia kusalimu. Mwaka mmoja Mwenye Nyumba alipeleka heri ya Krismasi mwezi wa kumi na moja. Mama wa Uru akajibu kwa kuleta mkono wa Idi siku ya tatu ya Ramadhani.

Kuna mwaka nilikuwa likizo, akaenda mwenyewe kwenye duka la vitabu kuchagua kadi. Alichagua yenye maua meupe na maandishi ya dhahabu ya Kiingereza, kwa kuwa haikuwa na picha ya mtu, muuzaji akamwandikia jina, ikapanda Uru. Kule hakuna aliyejua Kiingereza ila mwalimu wa jirani. Alipoisoma alivua kofia. Ilikuwa kadi ya kumpa mtu pole kwa kufiwa na mume. Mume wa Mama wa Uru alikuwa kitandani siku mbili kwa homa. Aliposikia, aliamka, akaenda kuwakatia mbuzi majani, na kila jirani aliyepita njiani, yeye ndiye aliyemsalimia kwanza, kwa sauti, ajulikane yu hai.

Mama wa Uru aliteremka na kadi mkononi, amevimba.

"Maua ni mazuri, si mazuri?" Mwenye Nyumba alimuuliza.

"Maua ni mazuri."

"Na mumeo amepona, hajapona?"

"Amepona."

"Basi kadi imefanya kazi."

Niliporudi nikamwonea huruma kwa kosa lile. Alinitazama kidogo, akaniambia kwamba muuzaji alikwisha kumweleza ile ni kadi ya nini. Kisha akakana kuwa amesema hivyo, na mpaka leo sijui lililo kweli.

Sasa niseme juu ya mwanawe. Alikuwa na mmoja tu, sisi tukimwita Ustadhi. Alirudi kutoka masomoni na ndevu, kaseti za mawaidha na upole mwingi. Alimchotea mama yake maji, akamkanda miguu, akatusalimia wapangaji wote vizuri. Nasema hivyo ili mtu asimfikirie vibaya, maana lililofuata lilifanywa kwa mapenzi.

Tulikuwa mkekani, kadi zimetandazwa. Ustadhi alikaa ukingoni, akaokota moja, akairudisha.

"Mama, naomba tuzungumze."

"Zungumza. Karani atangoja."

"Kuwatembelea hawa watu hakuna ubaya. Kuwatendea wema tumeamrishwa. Lakini kuwapongeza kwa sikukuu yao ni kama kukubali wanayoyasema juu ya Nabii Isa."

"Mimi nimekubali nini? Nimewaambia heri."

"Heri ya nini, Mama?"

Mwenye Nyumba alifungua mdomo, akaufunga. Mwanawe aliinamisha kichwa.

"Mimi sikukatazi. Nakuogopea. Wewe ndiwe niliye naye."

Mwenye Nyumba alizikusanya zile kadi. "Karani," alisema, "weka kalamu."

Mwaka ule hakuna salamu iliyotoka. Alipika, akafagia, akafunga bomba saa sita kama kawaida yake ili tusimalize maji, lakini hakumchokoza mtu. Mpangaji wa chumba cha tano alipita mbele yake ananuka mbege, pombe ya ndizi, naye akamwambia pita mwanangu. Tuliogopa. Nikaenda Machame kula sikukuu.

Nilirudi siku mbili baada ya Krismasi. Nilikuwa nafungua chumba changu Mama wa Uru alipobisha hodi mlangoni, na Ustadhi akaenda kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yupo, anaswali."

"Usimsumbue. Mpe hii."

Akamwekea mkononi jani la sale, limefungwa fundo. Kwetu Uchaggani mtu akikuletea jani hilo amekuja kuomba radhi, na wewe huna ruhusa ya kumkatalia. Ustadhi alikulia Moshi. Alilijua vizuri.

"Umemkosea nini, mama?" aliuliza taratibu.

"Sijui. Mwaka huu salamu yake haikuja. Kanisani wametaja majina ya barua Jumapili tatu, langu halimo. Nimekaa nikifikiri, nikakumbuka mambo manne, lakini yote ni ya zamani, na mawili aliyaanza yeye." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Mwambie naomba radhi kwa yote manne. Na kama kuna la tano, aniambie."

Ustadhi alisimama na lile jani kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Si wewe, mama," alisema mwishowe. "Ni mimi."

Pazia la chumbani likasogea. Mwenye Nyumba alitoka, na sala ile sijui aliimaliza saa ngapi. Alilichukua jani mikononi mwa mwanawe, akalichomeka juu ya mlango, akamgeukia rafiki yake.

"Manne?" alisema. "Ni sita. Kaa nikuhesabie."

Wakakaa mpaka jioni. Ustadhi aliwapelekea chai mara tatu, na kila mara alirudi uani akakaa peke yake.

Hakubadili alichokiamini, na mama yake hakumtaka abadili. Desemba iliyofuata, mkeka ulipotandikwa, alikuja na pendekezo lililoandikwa kwenye karatasi. "Tunawatakia afya njema na amani katika siku hizi za mapumziko," nilisoma.

"Hii salamu ya benki," alisema Mwenye Nyumba.

"Mama, ni lile neno tu. Lile siwezi kukuona unaliandika."

Alifikiri, akakunja miguu upya. Nikaona jicho lake la zamani limerudi.

"Neno silisemi. Nimekubali. Karani, andika: Heri ya siku ile unayoijua."

Ustadhi alitazama juu, akatazama chini. Nilimwona anatafuta kosa ndani ya maneno yale na halipati. Mwishowe mabega yakaanza kumtikisika, akainuka akaenda kucheka bafuni, maana mbele ya mama yake aliona haya. Tangu hapo ndiyo ikawa salamu yake, na watu waliipenda kuliko ile ya kwanza. Wapo walioiweka ukutani.

Mwaka ule Krismasi iliangukia Ramadhani. Mama wa Uru alileta ujumbe kwamba mbuzi yupo. Mwenye Nyumba akajibu kwamba atakuja na swaumu yake. Ustadhi akasema mama yake hatapanda mlima peke yake na njaa, na kwa kuwa atakuwapo, atachinja yeye. Mimi nikamwambia mama yangu kule Machame kwamba nina kazi mjini. Nilimdanganya, na sikujuta.

Tulifika kama saa tano. Ustadhi alichinja, wanawake wakapika, na ile sufuria ya peke yake ikateremshwa msumarini. Saa saba familia nzima ilikaa mezani, watu kumi na mmoja, nguo mpya. Ndipo Mama wa Uru alipofunika vyungu vyote.

"Mgeni hajala," alisema. "Hakuna atakayekula."

"Hata mimi?" aliuliza mumewe.

"Wewe hasa."

"Na mbege?"

"Mbege ni chakula."

Mwenye Nyumba alikaa kwenye kiti cha heshima, amenyooka, tasbihi mkononi. Alipoombwa awaruhusu wenyeji waanze kula, alisema yeye ni mgeni, hawezi kuingilia amri ya nyumba ya watu. Harufu ya ndizi na nyama ilijaa mpaka kwenye migomba. Saa tisa watoto walikuwa wamelala chini. Saa kumi na moja mume wa Mama wa Uru alisogeza kigoda karibu na Ustadhi.

"Sheikh, huku kwetu mlimani jua huzama mapema. Siyo kama mjini."

Ustadhi alitazama saa yake. "Bado, mzee."

Muda ukapita. "Naona limezama."

"Limeingia nyuma ya mgomba, mzee. Bado dakika kumi na mbili."

Dakika zile kumi na mbili sote tuliutazama ule mgomba. Zilipokwisha, Ustadhi alitoa mfuko wa tende aliokuja nao, na tende ya kwanza hakuila yeye wala hakumpa mama yake. Alipiga goti akampa yule mzee Mkatoliki kwa mikono miwili. Mzee aliimeza pamoja na kokwa.

Tuliporudi mjini Mwenye Nyumba alikuwa na furaha isiyofichika. "Leo nimewafungisha Wakatoliki kumi na mmoja," alisema. "Thawabu zao Mwenyezi Mungu atajua aziandike wapi."

Nilihama Majengo baada ya miaka miwili, nikaenda Tarakea mpakani kufanya biashara ya maharage. Huko nilikutana na mwanamume mtaratibu, Mwislamu, tukaoana, na nilisilimu kwa hiari yangu. Mama yangu hakupiga kelele. Alinyamaza tu. Mwaka mzima hakupokea simu yangu wala hakujibu barua, na nikituma mtu alimkaribisha, akampa chai, akazungumza naye habari za ng'ombe.

Wiki moja kabla ya Pasaka nilishuka Moshi, nikaenda kwa Mwenye Nyumba. Nilitaka kumpa habari ambayo nilijua itamfurahisha mtu mmoja angalau. Nilimkuta barazani, amekuwa mdogo, macho yamefifia. Nilimwamkia shikamoo, akanitambua kwa sauti.

"Mama," nilimwambia, "nimesilimu."

"Alhamdulillahi," alisema, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu. Kisha nikaona anahesabu kwa vidole.

"Wawili wamekufa," alisema. "Bwana Afya amehamia Singida. Na sasa na wewe. Mnanipunguzia watu wa kuwaandikia." Akakuna goti. "Na mama yako? Bado Mlutheri?"

"Bado."

"Sana?"

"Sana, Mama."

"Alhamdulillahi," alisema, na ile ya pili ilikuwa na furaha zaidi. "Lete kalamu."

Nilimweleza yote, kwamba mama haongei nami, kwamba barua zangu zinarudi zimefungwa. Nilikuwa nalia, na yeye alingoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite atoke.

"Hii si barua yako," alisema. "Ni yangu. Wewe kazi yako ni kuandika."

Akanitajia salamu ya sikukuu, kwa heshima zote, mtu mzima kwa mtu mzima. Baada ya salamu akaendelea: "Binti yako yuko hapa kwangu. Amekonda sana, hali chakula, na mimi ni kikongwe siwezi kumuuguza. Njoo umtazame."

"Mama, mimi sijakonda."

"Andika."

Barua ilikwenda siku ile ile kwa mkono wa mtu anayepanda Machame. Kesho yake, saa nne asubuhi, nilikuwa uani namenya ndizi niliposikia hodi ninayoijua tangu utotoni. Mama yangu alisimama mlangoni na kapu kichwani, vumbi mpaka magotini, anahema. Alinitazama kuanzia mtandio hadi miguu, akateremsha kapu, akamgeukia Mwenye Nyumba.

"Mbona hajakonda?"

Mwenye Nyumba alimsogezea kiti.

"Jana alikuwa amekonda," alisema. "Hapa kwangu watu wanakula."